Sifa ya Mtawala na Uwanja wa Kusemea: Maoni ya Raia katika Bukoba na Muleba

Nchi ya Buhaya yaanzia karibu na mpaka wa Uganda, ikashuka kusini kwa ukingo wa magharibi wa Ziwa Viktoria mpaka Ihangiro. Siku hizi imegawanywa katika wilaya za Bukoba, Misenyi na Muleba, nazo zimo katika Mkoa wa Kagera, ambao mpaka mwaka wa 1979 uliitwa Ziwa Magharibi. Ni nchi ya migomba na kahawa, yenye vijiji vilivyosongamana, na elimu ya shule iliingia humo mapema: wamisionari Wakatoliki walikaa Kashozi tangu mwaka wa 1892, na Walutheri wakafuata baadaye. Haishangazi basi kwamba watu wake wamezoea kwa muda mrefu kusoma, kuandika malalamiko yao, na kumjadili yeyote anayewatawala.

Habari za majadiliano hayo zina manufaa kwa swali linaloisumbua Tanzania nzima. Rais John Pombe Magufuli, aliyetawala tangu tarehe 5 Novemba 2015 mpaka alipofariki tarehe 17 Machi 2021, aliacha nyuma yake raia waliohitilafiana. Wako wanaomhesabu kuwa mtetezi wa wanyonge aliyeirudishia kazi heshima yake. Na wako wanaomhesabu kuwa mtu aliyefunga vinywa vya watu. Ubishi huo huendeshwa mara nyingi kana kwamba upande mmoja ukishinda, mustakabali wa demokrasia utakuwa umejulikana. Historia ya Bukoba na Muleba yaonyesha kwamba swali limewekwa vibaya. Mtawala aweza kupendwa kweli kweli na watu wengi, na wakati uo huo watu hao hao wakakosa mahali pa kumwambia lililo moyoni. Sifa ya mtawala ni jambo moja, na uwanja wa kusemea ni jambo jingine. Kila moja lina historia yake.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kabla ya kuja Wazungu, kila dola ya Buhaya, kama vile Kiziba, Kianja, Kiamutwara na Ihangiro, ilikuwa na mfalme wake, ambaye kwa Kihaya huitwa omukama. Neno hilo lilikuwa zito hata Wakristo wakalichukua kumtajia Mwenyezi Mungu. Neno la Kiswahili, rais, lina asili nyingine: limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya mkuu au kiongozi, na mabaharia walilitumia kwa nahodha wa chombo. Nahodha huheshimiwa na kutiiwa, lakini huulizwa chombo kinakwenda wapi. Tofauti ya maneno haya si hoja ya kutosha peke yake, maana watu wa Ihangiro na Kianja hawakukosa njia za kumnung'unikia omukama wao. Hata hivyo yasaidia kueleza mzigo ulioangukia cheo kipya cha rais mwaka wa 1962, kilipowekwa juu ya nchi ambayo watu wake walikuwa wamemjua mtawala kwa jina la namna hiyo.

Jambo la pili katika urithi huo lilikuwa ardhi. Chini ya desturi ya nyarubanja, mashamba mengi yalikuwa mikononi mwa wafalme na wakuu wao, na mkulima aliyekaa juu yake alilipa ushuru na kutoa kazi. Mkulima huyo aliitwa omutwarwa, yaani mwenye kutawaliwa. Serikali ya Wajerumani, ambayo kituo chake cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka wa 1890, haikuivunja desturi hiyo. Wala Waingereza baada yake, waliotawala kwa kupitia machifu. Basi malalamiko ya mkulima dhidi ya mwenye shamba yakawa pia malalamiko dhidi ya chifu, na malalamiko dhidi ya chifu yakawa malalamiko dhidi ya Serikali. Hapo ndipo siasa ya kisasa ilipopata mizizi katika Buhaya.

Mwaka wa 1924 iliundwa Bukoba Bahaya Union, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Klemens Kiiza. Chama hicho kilikuwa cha watu waliosoma, makarani na wafanya biashara, nacho kilisema juu ya maendeleo na elimu kabla ya kusema juu ya utawala. Lakini mwaka wa 1937, Serikali ilipotaka kuwalazimisha wakulima kufuata kanuni mpya za kutunza mibuni, upinzani ulizuka vijijini. Wakulima hawakuzipinga kanuni hizo kwa sababu ya ujinga wa kilimo, kama maofisa wengine walivyodhani. Walishuku kwamba anayeamrishwa namna ya kupalilia shamba lake huenda kesho akaambiwa kwamba shamba si lake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi katika nchi ya nyarubanja.

Tukio linalokumbukwa zaidi lilitokea Kamachumu, ambako sasa ni Wilaya ya Muleba, mnamo mwaka wa 1953. Katika miaka hiyo mabwana shamba walikuwa wakisimamia amri za kupambana na wadudu wa migomba, na mkulima aliyeona migomba yake ikikatwa alihesabu kwamba chakula cha nyumba yake kinakatwa. Ali Migeyo, kiongozi wa African Association, alihutubia mkutano mkubwa huko Kamachumu, na polisi wakautawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Baadaye Migeyo alifungwa gerezani. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa, na watu waliokuwa wameonja moshi wa Kamachumu hawakuhitaji kufundishwa sana maana ya chama hicho. Maisha ya Migeyo yaliandikwa na G. R. Mutahaba katika kitabu kidogo kilichotolewa mwaka wa 1969.

Katika habari hii jambo moja lapasa litiliwe mkazo. Mkutano wa Kamachumu ulikuwa uwanja wa kusemea katika maana kamili ya maneno hayo: watu walikusanyika mahali palipo wazi, mtu mmoja akasema mbele ya wote, na kila aliyesikia aliweza kupima maneno yake kwa shamba lake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilipoutawanya ilijinyima khabari iliyokuwa ikiihitaji. Baada ya hapo haikujua tena kwa hakika wakulima wanawaza nini, ila kwa ripoti za machifu, ambao wenyewe walikuwa wakilalamikiwa.

Uhuru ulipopatikana, wengi katika Buhaya waliyaona matendo ya Serikali mpya kuwa jibu la malalamiko ya zamani. Katika uchaguzi wa Novemba 1962, Julius Nyerere alipata kura 1,127,978, na mpinzani wake Zuberi Mtemvu kura 21,276. Mwaka wa 1963 uchifu ulifutwa kisheria. Mwaka wa 1965 ilitungwa sheria ya kuwapa wapangaji wa nyarubanja umilki wa mashamba waliyoyalima. Kwa mtu aliyeitwa omutwarwa maisha yake yote, hapakuwa na hotuba iliyozidi sheria hiyo kwa uzito. Mtaalamu Goran Hyden, aliyefanya utafiti wake huko Buhaya katika miaka hiyo na kuutoa mwaka wa 1968 katika kitabu kiitwacho TANU Yajenga Nchi, alilichagua eneo hilo kwa kuuchunguza uhusiano baina ya chama na wanakijiji.

Lakini mwaka huo huo wa 1965, uliomkomboa mpangaji, ndio uliofanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Haki yadai isemwe kwamba mpango huo haukukosa uhai. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 wagombea wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na mawaziri wawili walianguka. Kwa cheo cha rais, hata hivyo, mpiga kura aliulizwa neno moja tu, ndiyo au hapana, na zaidi ya 95 katika kila 100 walijibu ndiyo. Hapana sababu ya kuamini kwamba jibu hilo halikuwa la kweli. Nyerere alipendwa. Ila jibu la ndiyo halikueleza kilichopendwa wala kilichochukiwa, na katika miaka iliyofuata viwanja vingine vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kikiwemo chama cha wakulima wa kahawa wa Bukoba kilichokuwa na mizizi tangu 1950. Navyo havikuweza kurudi mpaka ilipotungwa sheria mpya ya mwaka wa 1982. Mkulima aliyekuwa na mkutano wa mwaka, hesabu zilizosomwa hadharani, na haki ya kumwondoa mwenyekiti wake, alibaki na mamlaka ya kahawa iliyo mbali.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia kaskazini mwa mto Kagera mwezi wa Oktoba 1978, na daraja la Kyaka likavunjwa, hapakuwa na wasaa wa kujadili mambo hayo. Vita vilimpa Rais heshima ya mlinzi wa nchi, na gharama zake ziliwaelemea watu wa mkoa huo kwa miaka mingi. Mjadala ulirudi mwaka wa 1991, ilipoundwa Tume ya Rais chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Zaidi ya robo tatu ya watu waliosema mbele ya Tume walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na sheria ikaanza kutumika mwaka wa 1992.

Wengi walistaajabu kwamba walio wachache walisikilizwa kuliko walio wengi. Sababu iliyomo ndani ya uamuzi huo ina uzito mkubwa. Walio wengi, wakipenda chama kimoja, wangeweza kuendelea kukipenda na kukipigia kura katika mfumo wa vyama vingi, hawakupoteza kitu. Walio wachache, wakilazimishwa kubaki katika chama kimoja, wangepoteza njia yao pekee ya kusema. Kwa hiyo uamuzi wa 1992 haukuwa hukumu juu ya sifa ya watawala. Ulikuwa uamuzi juu ya uwanja.

Mji wa Bukoba uliutumia uwanja huo kwa ukamilifu. Mwaka wa 2000 jimbo la Bukoba Mjini lilimchagua Wilfred Lwakatare wa CUF. Mwaka wa 2005 likamchagua Khamis Kagasheki wa CCM, na 2010 likamrudisha. Mwaka wa 2015 likamwacha Kagasheki, aliyepata kuwa waziri, na kumchagua tena Lwakatare, mara hii kwa tikiti ya CHADEMA. Katika majimbo ya Muleba, mwaka huo huo, watu walimchagua Anna Tibaijuka huko Kusini na Charles Mwijage huko Kaskazini, wote wawili wa CCM. Mji na shamba vilitofautiana, na tofauti hiyo ilihesabiwa kwa kura bila mtu kuhitaji kukisia.

Magufuli aliingia Ikulu katika uchaguzi huo, kwa 58 katika kila kura 100, na Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyekuwa amehama CCM, akapata karibu 40. Kwa watu wa Kagera rais mpya hakuwa mgeni. Alizaliwa Chato mwaka wa 1959, wakati Chato ilipokuwa sehemu ya Biharamulo. Alisoma katika seminari ya Katoke. Na tangu 1995 alikuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki. Chato ilitengwa na Kagera na kutiwa katika Mkoa mpya wa Geita mwaka wa 2012 tu. Alikuwa jirani, na jirani husifiwa na kulaumiwa kwa sauti kubwa zaidi.

Lugha yake iliingia katika Kiswahili cha kila siku kwa haraka isiyo ya kawaida, na wachunguzi wa lugha hawana budi kuiangalia. Kauli ya uchaguzi, Hapa Kazi Tu, ilikuwa na maneno matatu na haikuacha nafasi ya jibu. Kumfukuza ofisa mbovu kuliitwa kutumbua jipu; jipu ni ugonjwa, na mtumbuaji ni tabibu, wala mgonjwa hapewi nafasi ya kujitetea. Raia maskini aliitwa mnyonge. Neno hili lilimfariji aliyesahauliwa, na kwa watu wengi wa vijijini lilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusikia mkubwa akiwataja. Lakini mnyonge ni mtu wa kusemewa. Aliyeitwa mnyonge alipewa mtetezi, hakupewa jukwaa.

Matendo yake ya mwanzo yalipendwa kwa sababu zinazoeleweka. Sherehe za Uhuru za Desemba 2015 zilifutwa na siku ikafanywa ya usafi. Tangu Januari 2016 ada za shule za msingi na za sekondari za Serikali hadi kidato cha nne ziliondolewa. Katika nchi kama Muleba, ambako wazazi wengi hulipa karo kutokana na kahawa ya msimu mmoja, jambo hilo halikuhitaji kuelezwa. Wafanyakazi wa Serikali walianza kufika kazini kwa saa. Mwezi huo huo wa Januari 2016, hata hivyo, ilitangazwa kwamba vikao vya Bunge havitaonyeshwa tena moja kwa moja katika televisheni ya taifa, na katikati ya mwaka huo mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa. Viwanja vilifungwa wakati sifa ya Rais ilipokuwa juu kuliko wakati wowote, naye hakuwa na sababu ya kuviogopa.

Kisha likaja tetemeko. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika katika Kagera kwa nguvu ya 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka katika Bukoba na wilaya za jirani. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Rais aliahirisha safari yake ya Zambia, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika mara moja, na michango ikamiminika kutoka ndani na nje ya nchi. Maofisa waliotuhumiwa kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile ya maafa waliondolewa kazini, na wengi walisifu hatua hiyo.

Hitilafu ilianza juu ya matumizi ya michango. Serikali iliamua kwamba fedha zitengeneze majengo ya umma, yaani shule, zahanati na barabara, na kwamba kila mtu ajijengee nyumba yake. Rais alipofika Bukoba mwanzoni mwa Januari 2017 alilieleza jambo hilo waziwazi: tetemeko halikuletwa na Serikali, wala hakuna Serikali iwezayo kumjengea kila mwananchi nyumba. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Shule hutumiwa na watoto wa watu wote, na mali ya umma haitoshi mahitaji ya kila mtu. Upande wa pili ulikuwa na hoja pia: waliochanga walichanga kwa kuwaona watu waliolala nje, na mjane aliyepoteza nyumba hakuwa na njia ya kulala katika darasa la Ihungo.

Mtu asomaye habari hii leo aweza kuchagua upande wowote bila aibu. Lililo zito zaidi ni kwamba suala lililowagusa watu wengi namna hiyo halikupata mahali pa kujadiliwa. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa. Bunge halikuonekana tena moja kwa moja. Na Rais alisema, watu wakasikiliza. Huenda baada ya mjadala wa wazi watu wa Bukoba wangalikubali wenyewe kwamba shule zitangulie. Wangalikubali kwa hiari, na uamuzi ungalikuwa wao. Badala yake sifa na chuki zilikaa pamoja katika mji ule ule: mwezi wa Novemba 2017 Rais alirudi kufungua uwanja wa ndege wa Bukoba, jambo ambalo mji ulilihitaji, na wako waliomshangilia huku nyumba zao zingali na nyufa.

Kahawa ilitoa mfano wa tatu. Kwa muda mrefu mkulima mwenye shida ameuza kahawa yake ingali mtini, kwa bei ya chini, kwa mnunuzi atakayekuja kuivuna mwenyewe. Biashara hiyo huitwa butura. Serikali iliipiga marufuku, na tangu msimu wa 2018 iliamuru kahawa yote ipitie vyama vya msingi na vyama vikuu vya ushirika, kikiwemo KCU cha Bukoba na Muleba. Kusudi lilikuwa jema, maana butura ni unyonyaji usiofichika. Lakini malipo yalichelewa, na ng'ambo ya mpaka wa Uganda palikuwa na fedha taslimu. Magendo yakaendelea, na wakulima waliokamatwa na kahawa yao wenyewe hawakuona tofauti kubwa baina ya amri hii na kanuni za 1937. Ushirika uliozaliwa kuwa sauti ya mkulima ulikuwa sasa umekabidhiwa kwake kama amri.

Je, watu walimwonaje Rais katika miaka hiyo? Kipimo kimoja kilikuwako. Shirika la Twaweza, katika uchunguzi wake uitwao Sauti za Wananchi, liliwapigia simu watu wa Tanzania Bara na kuwauliza. Mwaka wa 2016 watu 96 katika kila 100 waliikubali kazi ya Rais. Mwaka wa 2017 walikuwa 71. Mwaka wa 2018 walikuwa 55. Hesabu hizo ni za Bara nzima, wala hazisemi neno juu ya Bukoba peke yake. Hata hivyo zina fundisho kwa kila wilaya. Watu 55 katika 100 wangali wengi, na kiongozi katika nchi nyingine angezifurahia. Lakini mara baada ya kutangazwa, shirika liliulizwa juu ya kibali chake, mkurugenzi wake akazuiliwa pasi ya kusafiria, na mwezi wa Septemba 2018 sheria ya takwimu ikabadilishwa, ikawa kosa kutangaza hesabu zinazopingana na za Serikali. Sheria hiyo ililegezwa mwaka wa 2019, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia.

Matokeo yake yalionekana katika uchaguzi. Novemba 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya 99 katika kila viti 100. Oktoba 2020 Magufuli alitangazwa kupata zaidi ya kura 84 katika kila 100, na Tundu Lissu, aliyenusurika kuuawa kwa risasi huko Dodoma mwaka wa 2017, akapata 13. Bukoba Mjini, jimbo lililokuwa limebadili mawazo mara kwa mara kwa miaka ishirini, lilirudi CCM pamoja na karibu majimbo yote ya nchi. Wapinzani walidai kura zimeibwa; Tume ya Uchaguzi ilikana; na Katiba hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais uliokwisha kutangazwa.

Hapa ndipo hasara ya kweli ilipo. Baina ya 55 ya mwaka wa 2018 na 84 ya mwaka wa 2020 pana tofauti kubwa, nayo ingeweza kuelezwa kwa njia mbili: ama watu walirudi kumpenda Rais, ama hesabu ya pili haikuwa ya watu. Mwenye kumpenda Magufuli angetaka kuthibitisha njia ya kwanza, lakini vipimo ambavyo vingemthibitishia vilikuwa vimekwisha kuvunjwa. Sifa isiyoweza kupimwa haimfai hata msifiwa. Aliyefunga uwanja ili asisikie lawama alijinyima pia ushahidi wa kupendwa kwake.

Alipofariki Machi 2021 na kuzikwa Chato, vilio vilivyosikika katika barabara za mikoa ya Ziwa havikuwa vya kuigiza. Walio na huzuni walihuzunika kweli. Na waliokaa kimya walikuwa na sababu zao. Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021, aliondoa marufuku ya mikutano ya hadhara tarehe 3 Januari 2023, na kwa muda watu wa Bukoba na Muleba waliweza kusikia tena pande mbili katika uwanja mmoja. Muda huo haukuwa mrefu. Aprili 2025 Lissu alishtakiwa kwa uhaini na CHADEMA ikazuiwa kushiriki uchaguzi. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na maandamano, kuzimwa kwa intaneti na vifo vya raia, na Rais akatangazwa kupata karibu 98 katika kila kura 100. Mtawala alikuwa amebadilika, na tabia yake haikufanana na ya aliyemtangulia. Uwanja ulifungwa vile vile. Hilo latosha kuonyesha kwamba maradhi hayakuwa ya mtu mmoja, wala dawa yake haiwezi kuwa kumpata rais mpole kuliko mwingine.

Kwa ufupi, historia ya Bukoba na Muleba yaonyesha mambo matatu. Kwanza, watu wake hawakuwa na maoni ya namna moja juu ya mtawala yeyote. Omutwarwa wa 1965 alikuwa na haki ya kumsifu Nyerere, na mwenye ushirika wa 1976 alikuwa na haki ya kumlaumu, na huenda alikuwa mtu yule yule. Pili, viwanja vya kusemea, yaani mkutano, ushirika, hesabu na kura, vilifungwa mara nyingi na watawala waliopendwa, ambao sifa yao iliwafanya waamini kwamba hawahitaji kuulizwa. Tatu, kila vilipofungwa, Serikali yenyewe iliingia gizani, ikabaki kukisia yale ambayo mkulima wa Kamachumu alikuwa tayari kuyasema mbele ya watu mwaka wa 1953. Neno maoni latokana na kuona. Raia akizuiwa kusema alichokiona, wa kwanza kupofuka ni yule anayemtawala.

Kwa hiyo wanaobishana juu ya Magufuli, kama alikuwa mwema au mbaya, wataendelea kubishana, nao wana haki. Mustakabali wa demokrasia katika nchi hiyo utajulikana kwa jambo lililo dogo zaidi na lililo gumu zaidi: kama siku moja mtu atasimama Kamachumu, amsifu au amlaumu rais aliye madarakani, kisha arudi nyumbani kwake kwa amani kupalilia migomba yake.